Chumvi ya Mama Kasoro

Ukitaka kujua habari za mtu katika chumba cha kufulia cha hoteli ile, uwe na subira, maana mle ndani hakuna mazungumzo, kuna vipande vya mazungumzo. Mashine za kufulia zinanguruma tangu asubuhi, za kukaushia zinapiga kelele kuliko hizo, na mvuke wa pasi unasonya kama mama mkwe aliyeletewa chai iliyopoa. Watu wawili wanaokunja shuka wanasimama mbalimbali, kila mmoja kashika pembe zake mbili. Wanalikung'uta, wanalikunja kwa urefu, kisha wanatembea mpaka katikati ili mmoja ampe mwenzake pembe. Hapo ndipo uso unaukaribia uso. Hapo ndipo unasema lako, upesi, kabla mwenzako hajainama kuushika mkunjo na kurudi nyuma. Shuka moja, maneno mawili matatu. Kama una habari ndefu, omba hoteli ijae wageni.

Siku hiyo hoteli ilikuwa imejaa, na Kimya alimshukuru Mungu kwa hilo, maana Kipaza alikuwa amerudi.

Majina hayo hawakupewa na wazazi wao siku ya kuzaliwa. Waliyapata mle mle chumbani, na aliyewapa ni mama mzazi wa Kimya, aliyekuwa mkaguzi wa mashuka kabla ya kustaafu. Kila shuka lililokunjwa lilipitia mikononi mwake. Alilikunjua, akaliinua dirishani kwenye mwanga, na akiona doa, hata liwe dogo kama punje ya mtama, alitamka neno moja tu, "Kasoro!" na shuka likarudi kikapuni. Wafanyakazi wakambatiza Mama Kasoro, tena mbele ya macho yake, naye akalipenda jina. Alipowaingiza wale wasichana wawili kazini, aliwakagua pia. Mmoja hata akinong'ona anasikika mapokezi. Akamwita Kipaza Sauti. Wa pili, mwanawe mwenyewe, alikuwa mtu wa kumeza maneno, akamwita Kimya. Majina yakaganda kama wanga kwenye kola.

Baadaye Kipaza alihamishiwa hoteli nyingine ya tajiri yuleyule, mji wa mbali. Salamu za simu zilikuwapo, pole za ugonjwa wa Mama zilifika, lakini simu ni simu. Sasa amerudishwa, na shuka la kwanza lilikuwa mikononi mwao.

"Mama anaendeleaje?" Kipaza aliuliza walipokutana katikati.

"Amepona. Daktari amesema amepona kabisa."

"Mungu mkubwa!" Wapiga pasi wa ukutani waligeuka wote, mmoja alidhani kuna moto.

Shuka la pili.

"Na mwanao?" Kimya aliuliza.

"Anajifunza tarumbeta shuleni. Jirani wa juu amehama."

Shuka la tatu.

"Kwa ajili ya tarumbeta?"

"Alisema ni kazi. Lakini wa chini naye anafungasha, na yule hana hata kazi!"

Kimya alicheka mpaka pembe zikamponyoka kidogo. Alikuwa hajacheka hivyo muda mrefu, akaona hata aibu, kama mtu aliyecheka msibani. Walikunja foronya, wakakunja mashuka ya vitanda vya watoto, Kipaza akamaliza habari za mumewe aliyenunua pikipiki isiyowaka, kila asubuhi anaisukuma hadi kituoni kisha anapanda basi. Ndipo Kimya alipofika katikati na shuka pana la kitanda kikubwa, akasema polepole neno lililokuwa limemkaa kooni siku nyingi.

"Ila hajapona."

Kipaza aliachia pembe. Shuka likaanguka sakafuni, la kufuliwa upya.

"Si umesema amepona!"

"Mwili ndio uliopona. Yeye mwenyewe hajapona."

Hilo halikuwa jambo la kumalizia kwenye mashuka. Wakasubiri saa ya chai, wakaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, kati ya madumu ya sabuni na lango la kuingizia mizigo, na hapo Kimya akaeleza.

Uvimbe ulitolewa tumboni, ukapimwa, ukaonekana si wa kutisha. Kidonda kilifunga vizuri. Mama anatembea hadi dukani na kurudi bila kushika ukuta, anaoga mwenyewe, anapika mwenyewe. Daktari alimtazama usoni akamwambia, mama, umepona, nenda kaishi. Lakini Mama haishi. Anakaa ukingoni mwa kitanda kama abiria anayengoja gari, miguu pamoja, mikono mapajani. Haulizi, hagombi, hachungulii sufuria ya mtu. Shali yake ya kijani, ile ambayo hata kuiazima ilikuwa ugomvi, alimvisha Kimya shingoni akasema, "Iwe yako sasa." Saa yake ya ukutani ameshampa jirani. Juzi alimwonyesha mkwewe ufunguo wa sanduku unapokaa.

"Anaaga, Kipaza," Kimya alisema. "Mama yangu anaaga, na ni mzima wa afya! Mtu anaweza kufa kwa kuamua tu, nimewahi kuona. Namrudisha vipi mtu ambaye hajaenda popote?"

Kipaza alipuliza chai yake. Kisha akauliza, "Nyinyi mmemfanyia nini?"

"Tumfanyie nini tena? Tunamtunza kama yai. Hatumpingi, hatumkosoi, kila anachofanya tunasema ahsante mama, vizuri mama. Hata chakula chake..." Kimya alisita.

"Chakula chake kimefanya nini?"

Ikabidi aseme. Dawa zilikuwa zimeua ulimi wa Mama, hasikii ladha. Siku ya kwanza aliposimama jikoni baada ya hospitali, nyumba nzima ilifurahi kama sikukuu, lakini maharagwe yalipopakuliwa, lo! yalikuwa chumvi tupu. Kimya na mumewe walitazamana. Mume, fundi umeme, mtu mwenye roho safi kuliko akili zake, akameza, akatabasamu, akasema, "Mama, tamu sana!" Basi, tangu hapo likawa agano la nyumba. Wanakula, wanasifu, wanakunywa maji.

"Na chumvi haipungui," Kimya alisema. "Kila siku inazidi. Mume wangu siku hizi anatembea na chupa ya maji kama mchezaji mpira."

"Subiri kwanza," Kipaza alisema. "Nyumbani kwenu mtu anasema chakula kitamu? Kwenu? Mimi nimekula mezani kwenu tangu sijaolewa, na sifa kubwa niliyowahi kuisikia ni 'kinalika.' Siku ya harusi yangu Mama alinitazama na gauni langu jeupe, watu wanalia kwa furaha, yeye akaniambia pindo limepanda upande wa kushoto!"

"Na kweli lilikuwa limepanda."

"Lilikuwa limepanda, ndiyo! Ndiyo maana nampenda."

"Mgonjwa hasemwi, Kipaza. Leo ukija kumwona atakupikia. Utakula na utasema tamu. Niahidi."

"Naahidi."

"Kipaza."

"Nimeahidi bwana! Ulimi nimeufunga na ufunguo nimeutupa."

Ulimi hauna mfupa, wahenga walisema, na wa Kipaza haukuwa hata na mlango wa kufunga. Kimya alilijua hilo. Lakini mtu aliyechoka huamini ahadi yoyote inayopita karibu.

Jioni waliingia pamoja kwenye ile nyumba ya vyumba viwili. Meza ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye maua, pembeni ndoo ya mume imejaa nyaya na soketi zilizokufa, na pazia la chumbani limefungwa kando, hivi kwamba kitu cha kwanza unachokiona ukivuka kizingiti ni ukingo wa kitanda, na Mama juu yake. Alikuwa amekonda, nguo safi, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umependeza sana."

Kipaza alijitazama. Alikuwa ametoka kazini, blauzi ina doa la dawa ya kufulia, kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba isiyo yake. Akamgeukia Kimya akamnong'oneza, yaani nyumba nzima ikasikia, "Kweli anaumwa!"

Mama aliinuka kitandani. Alikwenda jikoni kupakua.

Wakakaa wanne mezani. Kabla ya yote mume wa Kimya alijaza maji bilauri zote, akaweka jagi jingine kando kama akiba ya vita. Wali ukaja, mboga za majani zikaja, kisha maharagwe, yanatoa mvuke na harufu nzuri ya kitunguu, ungedhani hayana hatia. Mama alijipakulia kidogo ila hakugusa kijiko. Aliweka mikono mapajani akawa anamtazama mgeni mdomoni.

Kipaza alitia kijiko cha kwanza. Kimya alimwona akiacha kutafuna. Alimwona akimeza, na machozi yakimjaa taratibu, na mkono ukienda kwenye bilauri peke yake.

"Vipi chakula?" Mama aliuliza.

"Tamu sana, Mama," mume alisema haraka.

"Tamu," Kimya alisema.

"Na wewe, mgeni?"

"Ta..." Kipaza alisema. Akanywa maji. Alimtazama Kimya kwa macho ya mtu anayeomba msamaha mapema. Akala kijiko cha pili, kwa ajili ya urafiki tu, na hapo urafiki ukafika ukingoni. "Hapana! Mama, nisamehe, niliahidi lakini hapana! Hiki nini? Watu husema mzee fulani amekula chumvi nyingi, lakini si kwa mlo mmoja, Mama! Maharagwe haya hayaliki! Ng'ombe akiyalamba atakimbia! Wewe, Mama Kasoro mwenyewe, unampa mtu chakula kama hiki, na hawa wawili wanakaa wanakenua meno?"

Hata jokofu liliacha kuunguruma, au ndivyo Kimya alivyosikia. Uangalifu wote ule, mate yote yale aliyomeza, na huyu mwenye mdomo mpana amekuja kumwaga vyote kwa dakika moja! Alitaka kumshika Kipaza mkono amtoe nje. Alimtazama mama yake, akaona mabega yanatikisika, machozi yanamtiririka yakidondokea kitambaa cha maua.

"Mama!" Kimya alisimama. "Mama, usimsikilize, amechoka, hajui..."

"Kaa chini," Mama alisema. Akamgeukia Kipaza. "Rudia."

"Mama, nisamehe, mdomo wangu huu..."

"Nimesema rudia."

"Hayaliki," Kipaza alisema, kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza maishani mwake ilikuwa ndogo.

"Hayaliki," Mama alirudia, taratibu, kama mtu anayeonja. "Hayaliki. Ahsante, mwanangu. Mungu akupe maisha marefu."

Akajifuta machozi kwa kiganja, akaanza kusema, na alikuwa anasema na meza tu, bila kumtazama yeyote.

"Ulimi wangu ulirudi zamani. Kwanza sikuwa nasikia ladha, hilo ni kweli. Kisha siku moja nimeamka, nikaonja chakula changu mwenyewe kilichobaki, nikatema kwenye sinki. Nikakaa pale jikoni najiuliza, hiki ndicho wanachokula? Hiki ndicho wanachokisifu? Huyu mkwe wangu, siku aliyokuja kuposa, kabla hajakaa vizuri alinionyesha kwamba swichi yangu imekaa kombo. Nikampa mwanangu kwa sababu hiyo. Leo namlisha chumvi ananiambia tamu sana. Nikajua basi. Nikasema, daktari amewaambia jambo, na mimi nimefichwa. Katika nyumba hii mtu hasifiwi hivyo ila anapozikwa."

"Mama, hapana," Kimya alisema.

"Nikawa naongeza. Kila siku kidogo. Nikisema moyoni, leo atakemea mmoja. Leo mmoja ataniambia, we mama vipi, umerogwa? Nijue bado nimo. Nilikuwa nangoja tu mtu anigombeze. Nikimimina chumvi nakuombeni, gombeni, gombeni! Na nyinyi mnasema tamu."

"Hakuna tulichokuficha!" Kimya sasa alikuwa analia waziwazi. "Daktari alisema umepona. Alisema mbele yako, Mama, ulikuwepo!"

"Alisema, ndiyo. Lakini na nyinyi mlisema maharagwe ni matamu. Nimwamini nani?"

Walimvika mama wa watu kilemba cha ukoka kwa mapenzi, na kumbe yeye anakiona sanda. Mimi ningekuwapo ningewakemea wote wawili, ila nani angenisikia, hata wao kwa wao hawakusikilizana.

Mume ndiye aliyefungua kinywa kwanza. Aliweka kijiko chini kwa heshima.

"Mama, kwa ruhusa yako. Hata ya jana."

"Ya jana yalikuwaje?"

"Yalikuwa mabaya."

"Na ya juzi?"

"Mama, juzi nilipomaliza sahani nilimwona marehemu babu yangu amesimama mlangoni ananipungia mkono."

Kicheko kilimtoka Mama ghafla, cha tumboni kabisa, ikabidi aushike mshono wake kwa mikono miwili. Kipaza akacheka kwa sauti yake ile, na jirani mwenye saa ya ukutani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Mama alicheka mpaka akapumua kwa shida, kisha akanyamaza, akamwelekea mwanawe.

"Na wewe, Kimya?"

Walimtazama wote. Kimya alikunja pindo la kitambaa cha meza, akalikunjua. Kimya kingi kina mshindo mkuu, tunajua sote, lakini siku mshindo unapofika hata mwenye nao hushtuka.

"Yameniunguza ulimi," alisema. "Kila siku. Na nimechoka, Mama. Na niliogopa. Nilidhani nikikukosoa utavunjika, na mimi nikuvunje kwa mdomo wangu mwenyewe. Usiku nilikuwa nakuja mlangoni kusikiliza kama unapumua. Na shali yako inanichoma shingo! Sikuitaka! Kila nikiivaa naona kama nimekuvua wewe. Ichukue. Uivae mwenyewe, uichakaze mwenyewe, unigombeze nikiigusa!"

Alivuta pumzi. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo tangu azaliwe. Mama alinyoosha mkono juu ya meza, kati ya bilauri, akamshika usoni.

"Nenda kailete basi," alisema.

Maharagwe yakamwagwa. Kipaza alikaanga mayai, akayaunguza chini, akaambiwa. Walikula kwa raha, huku Mama akiuliza habari za hotelini, nani anakagua siku hizi, na aliposikia kwamba mkaguzi mpya anatazama mashuka chini ya taa badala ya dirishani alitikisa kichwa kwa uchungu mpaka ikawa furaha kumtazama. Akataka kusikia habari za tarumbeta. Akasema amlete huyo mtoto apige hapo, kama ni kelele kweli atamwambia.

Kabla jua halijazama Kipaza aliaga. Pale mlangoni Kimya alimshika mikono yote miwili, akatafuta neno. Kwa kawaida angelimeza.

"Ulivunja ahadi yako," alisema.

"Nimeivunja, dada. Nisamehe."

"Ahsante. Ahsante sana, Kipaza. Sina cha kukulipa."

"Nilipe maji," Kipaza alisema. "Bado nina kiu." Akaenda zake, na alisikika mtaa mzima akijisemesha njiani.

Uani, kwenye kamba, kulikuwa na mashuka ya nyumbani yaliyokauka tangu mchana. Kimya alikwenda kuyaanua. Alipogeuka na la kwanza mikononi, akamkuta Mama amesimama nyuma yake, shali ya kijani begani, mikono imenyooshwa. Alichukua pembe zake mbili, akarudi nyuma hatua zake, akalikung'uta.

Walikutana katikati.

"Nywele zako," Mama alisema, "zimekaa kama umegombana na mtu ukashindwa."

"Ahsante, Mama."

Shuka la pili.

"Na chai unayonipa asubuhi ni maji yaliyosikia habari za majani ya chai."

"Ahsante, Mama."

"Na mumeo mwambie ile swichi bado iko kombo."

"Nitamwambia."

Walipomaliza la mwisho, Mama hakuliweka kikapuni. Alilikunjua tena, akaliinua juu kwa mikono miwili kuelekea mwanga wa machweo, mwembamba, amesimama wima, kama alivyokuwa akisimama dirishani miaka yote ile. Alilitazama kwa muda mrefu. Kimya alisimama akangoja.

"Kasoro!" Mama alisema, akamtupia shuka.

Kimya alilidaka, akalikumbatia, akazika uso humo na kulia, kisha akampa mama yake pembe zake mbili, wakaanza upya.